Kiungo Niliyemtazama Kutoka Mlangoni

Kwa miaka mingi nilitazama mpira bila kuona goli. Nilikuwa nauza karanga na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, mlangoni pa banda la video, kijijini kwetu upande wa Mnyambe. Kutoka kwenye kigoda changu niliiona televisheni kupitia upenyo uliokuwa kati ya vichwa vya watu waliokaa kwenye mabenchi. Mpira ukiwa katikati ya uwanja watu walikaa, nami niliona vizuri. Ukikaribia goli wote walisimama. Hapo nilibaki natazama migongo na kusikia kelele, na walipokaa tena mpira ulikuwa umekwisha kurudishwa katikati na mimi sijui nani amefunga.

Ndiyo maana sikuwahi kumpenda mfungaji yeyote. Niliyempenda ni kiungo mmoja kutoka Amerika ya Kusini, mwembamba, soksi zimeteremka, ambaye kazi yake ilikuwa pale pale ninapopaona. Hakuwa na mbio. Wengine walikimbia kama waliotoroka nyuki, yeye alitembea. Lakini mpira ulimtafuta. Ukitoka kwa beki ulikwenda kwake, ukikwama pembeni ulirudi kwake, na kila ulipofika alikuwa amekwisha kujua pa kuupeleka.

Ilinichukua majuma kadhaa kugundua anajuaje. Kabla mpira haujamfikia, aligeuza shingo mara mbili, juu ya bega la kushoto, kisha juu ya bega la kulia. Haraka sana, kama mtu anayefukuza inzi. Halafu mpira ukija, hakuwa na haja ya kutazama tena. Wale waliokuwa ndani walilipa kiingilio kuona magoli, na sidhani kama wengi wao waliliona jambo hilo. Mimi nililiona kwa sababu sikuwa na kingine cha kuona.

Lazima niseme nilifikaje mlangoni pale. Baba alitangulia tukiwa wadogo. Mama alifariki mwezi wa tano, hospitalini Ndanda, baada ya kuugua kwa muda mrefu, nami nilikuwa kidato cha pili. Nyuma yangu walikuwa watatu: mdogo wangu wa kiume aliyekuwa darasa la sita, wa kike wa darasa la tatu, na kitinda mimba, naye wa kike, ambaye alikuwa bado analala mchana.

Kwetu watoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu yao ni mjomba. Siku ya arobaini, wageni walipokwisha kula, Mjomba alikaa ukumbini na wazee wawili akaanza kugawa. Wa kiume angekwenda naye Masasi. Wa kike angekwenda kwa mama mdogo, Newala mjini. Kitinda mimba angebaki kwa bibi mzaa baba. Hakuwa mtu mbaya. Aligawa kwa upole, kama mtu anayegawa chakula kidogo na hataki mtu alale njaa.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe umeshakuwa mtu mzima. Mchumba hatakosekana."

Nilipiga magoti mbele yake, nikamwomba aniachie wote kwa msimu mmoja wa korosho.

"Msimu mmoja?" Mjomba akacheka, na wazee nao wakacheka. "Salfa ya mikorosho atapuliza nani? Wewe?"

"Mimi, Mjomba."

"Ile mashine ukiivaa mgongoni itakuangusha chali, tuje tukuokote kama kobe."

"Mtaniokota, kisha nitaendelea."

Hakucheka tena. Alinitazama, akasema, "Haya. Nitakuja wakati wa mavuno, na sitasema siku. Nikikuta mtoto mmoja hana mtu wa kumwangalia, nagawa siku hiyo hiyo, na usinililie."

Basi niliacha shule. Nilipuliza salfa mwenyewe, alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani na upepo haujaamka, mashine ya kuazima mgongoni, kitambaa usoni, macho yanawaka mpaka saa nne. Haikuniangusha chali. Iliniangusha kifudifudi, mara moja, na hakuna aliyeniona. Mchana nilikwenda kuchimba ming'oko, na Jumamosi alasiri nilikaa mlangoni pa banda kuuza.

Sasa nimlete mtangazaji wa banda. Alikuwa kijana mwenye sauti nzito, ambaye siku za kawaida alitafsiri filamu. Alikaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea Wachina na Wahindi kwa Kiswahili, na palipopungua utamu akaongeza wake. Siku za mpira alifanya vile vile. Alizima sauti ya wazungu, akatangaza mwenyewe. Kila mchezaji alikuwa na habari zake: huyu ameachwa na mke, huyu anakula ugali kwa siri, yule kocha mkali ana deni la mbuzi. Watu walicheka, wakajua ni chumvi. Mimi nilicheka nao.

Lakini Jumamosi moja, mwezi wa nane, mpira ukiwa katikati kwa yule kiungo wangu, mtangazaji alishusha sauti kabisa. Akasema, "Huyu mnayemwona, ndugu zangu, hana baba, hana mama. Ni mkubwa kwao. Aliacha shule akiwa mdogo, akalea wadogo zake watatu peke yake. Ndiyo maana hakimbii. Mtu mwenye wadogo watatu hakimbii ovyo."

Mimi nilikuwa napima karanga kwenye kikombe, zikamwagika.

Sikuiona kama chumvi. Kila kitu nilichokwisha kukiona kwake kilikubaliana na habari ile. Kule kutopaza sauti. Kule kuwatupia macho wenzake kabla ya kufanya lolote. Nilijiambia, hivyo ndivyo anavyotazama mtu aliyewahi kuhesabu watoto kabla ya kufunga mlango. Nilirudi nyumbani nikawaambia wadogo zangu kwamba huko Amerika ya Kusini kuna mwenzetu.

Tangu siku ile nilianza kuishi kwa shingo yake. Kabla jambo halijanifikia, nilitazama mabega yote mawili. Mahindi yakiwa bado ghalani niliuliza mwezi wa pili tutakula nini. Sare ikiwa bado nzima nilitazama pindo lake lina nafasi ya kushushwa kiasi gani. Na kila nilipotoka nyumbani nilijua kila mtoto yuko wapi, na nani, na mpaka saa ngapi. Wadogo zangu walichoka. Wa kiume alikuwa akiniigiza, anageuza shingo kushoto na kulia kama kuku, wenzake wanakufa kwa kicheko.

Mjomba alikuja mwezi wa kumi, Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Hakunikuta nyumbani. Jirani alimwambia niliko, naye akaja banda la video na fimbo yake na kofia yake, uso umekunjamana.

"Shikamoo Mjomba."

"Sikuitikii. Nimekuachia watoto, nakukuta kwenye sinema?"

"Nauza, Mjomba."

"Unauza huku unatazama wanaume wamevaa kaptura. Watoto wako wapi?"

Watu wa benchi la nyuma waligeuka. Nilijua kwamba jibu hili ndilo litakaloamua. Sikusimama kwenda kutafuta, wala sikuita mtu. Nilisema, "Wa kiume yuko bombani, ndoo yake ni ya tano kwenye foleni, au ya nne sasa. Wa kike yuko jikoni kwa jirani mwenye mlango wa bluu, anachambua kisamvu, atatoka jua likigusa ule mkorosho. Mdogo kabisa yuko chini ya meza hii ya karanga, amelala kwenye gunia. Usimkanyage."

Mjomba aliinua kitambaa cha meza kwa fimbo. Mtoto alikuwepo, kidole mdomoni. Akashusha kitambaa, akaondoka. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaanza, nikawa napima karanga, nawapa watu kupita kiasi.

Aliporudi alisimama nyuma yangu. Na ndipo mtangazaji, ambaye alikuwa hajamwona, akatoa ile habari yake tena: hana baba, hana mama, wadogo watatu. Mjomba aliinamisha kichwa kutazama kupitia upenyo wangu.

"Yupi?"

"Yule anayetembea."

"Ni kweli hayo?"

"Mtangazaji amesema."

Alitazama mpaka watu waliposimama wakatuziba. Kisha akachukua karanga kiganja kizima, akatafuna, akasema, "Marahaba." Ile shikamoo ya mwanzo ndiyo aliyoiitikia. Kesho yake alirudi Masasi peke yake, na hakuzungumza tena habari za kugawa.

Miaka iliyofuata niliihesabu kwa maisha ya yule kiungo. Mwaka ambao ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua yetu yote ya korosho, yeye alikaa benchi karibu msimu mzima, kwa kocha aliyetaka watu wa mbio. Hakununa. Akiingia dakika za mwisho alifanya kazi yake kama aliyeanza. Alihamia timu ndogo, timu ndogo ikawa kubwa. Goti lake lilipoumia nilidhani imekwisha, na mtangazaji alimlilia kwa machozi ya kweli. Akarudi baada ya miezi mingi, mzito zaidi, na nasema bila kusita kwamba alirudi bora. Alipokuwa na mbio kidogo alizitumia, alipokosa kabisa ilibidi ajue zaidi. Pasi zake zilifupika. Alisimama mahali ambapo mpira ungekuja baada ya pasi mbili, akasubiri. Kwenye timu ya taifa lao alipewa utepe wa unahodha, akauvaa bila kujitutumua. Sikuwahi kumwona akimsukuma mwamuzi. Alipigwa viatu miguuni miaka yote ile, akainuka, akavuta soksi, zikateremka tena.

Mtangazaji naye hakulala. Kila msimu habari yake iliota matawi.

"Wadogo zake wanne wanamtazama leo," alisema siku moja.

Nikapaza sauti kutoka mlangoni, "Ulisema watatu!"

"Wa nne alikuwa kwa shangazi yake, dada. Wewe pima karanga."

Mdogo wangu wa kiume alipofika kidato cha tatu alitaka kuacha shule akatafute kibarua. Tuligombana siku mbili. Akanirushia neno lililoniuma: "Wewe mwenyewe uliacha, mbona?"

"Yule naye aliacha," nikasema. "Aliacha ili watatu wasiache. Sasa wewe ukiacha, mimi niliacha kwa faida gani?"

Jumatatu alivaa viatu akaenda. Leo ni fundi wa kuchomelea huko Ndanda, ana mke na watoto. Wa kike ni muuguzi, amepanga Mkomaindo, Masasi. Kitinda mimba yuko chuo cha ualimu na anajua kila kitu.

Mwaka jana nilikuwa Mkomaindo kwa mdogo wangu, na kitinda mimba alikuwa likizo. Akaniambia, "Dada, mtu wako amestaafu." Akanionyesha kwenye simu. Yule kiungo alikuwa amerudi kumalizia kwenye timu aliyoanzia utotoni, na siku hiyo walimuaga. Kwanza walionyesha pasi zake za miaka yote. Simu haina watu wa kusimama mbele. Nikaona pasi ile, nikaona mpira ukipita kati ya wawili, na kwa mara ya kwanza nikaona ulikokwenda: mtu akaupokea, akafunga. Nyingine hivyo hivyo. Pasi ambazo nilizijua mwanzo wake tu, kumbe zilikuwa na mwisho. Nilimwambia arudishe mara tatu.

Kisha wakaonyesha uwanja. Alisimama katikati, amenenepa kidogo, analia. Mzee mmoja wa kofia pana akaja akamkumbatia. Nyuma yake mama mwenye mkoba.

"Hao ni nani?"

"Baba yake na mama yake."

"Walezi wake, labda."

"Dada, imeandikwa hapa chini. Baba na mama." Akasoma, akitafsiri. "Anasema yeye ni mtoto wa pekee. Hakuwahi kuwa na ndugu, wachezaji wenzake ndio walikuwa ndugu zake."

Muuguzi akaanza kucheka kwanza, mkono mdomoni. "Na wale wanne? Na yule wa kwa shangazi?"

Tulicheka mpaka kitinda mimba akaweka simu chini. Lakini walipokwenda jikoni niliiokota nikatazama tena yule mama mwenye mkoba, na nilihisi kama mtu aliyesalimia kwa miaka mingi kwenye nyumba isiyo na mtu. Nilikuwa nimemwambia mdogo wangu jambo la uongo ili asiache shule. Nilikuwa nimemwacha Mjomba aondoke Mnyambe akiwa na jambo la uongo kichwani.

Niliporudi kijijini nilikwenda kwa mtangazaji. Banda halipo tena, kila mtu ana king'amuzi au simu. Yeye anauza vipuri vya baiskeli na sauti bado anayo.

"Yule kiungo ana baba na mama," nikamwambia.

"Kiungo gani?"

Ilibidi nimweleze mwanzo mpaka mwisho. Akakuna kichwa. "Niliyasema mimi hayo?"

"Miaka kumi."

"Dada, sikumbuki. Labda mpira ulikuwa umelala siku hiyo. Kiungo akikaa sana na mpira watu huanza kutoka, sasa mtangazaji afanye nini? Ningekuwa na mtu wa chenga nisingesema kitu." Kisha akanitazama usoni. "Umekasirika?"

"Sijui bado."

"Chukua pampu basi."

Sikuchukua pampu. Njia nzima nilitafuta hasira na sikuipata ya kutosha. Nilichokiona kwa macho yangu kutoka kwenye kigoda hakikutoka kwenye kipaza sauti. Shingo ile aliigeuza mwenyewe. Benchi alilikaa mwenyewe, goti lilikuwa lake, na kazi aliifanya kwa unyofu ule ule alipotazamwa na asipotazamwa. Hakuwa na mdogo hata mmoja, na bado alijua kila mwenzake alipo. Kwa kweli nikamheshimu zaidi. Mimi nilifundishwa na shida, yeye alijifunza kwa kupenda.

Lakini Mjomba alibaki. Amezeeka, yuko Masasi kwa binti yake, macho hayaoni mbali. Na nilikuwa najua jambo moja ambalo lilinikosesha raha: kila msiba wa ukoo ulioacha watoto, Mjomba alikuwa akisimulia habari ya yule mchezaji. Nikaona kwamba kama nyumba yetu ilibaki nyumba kwa sababu ya chumvi ya banda la video, basi anayo haki ya kujua, hata kama akiniambia nilimlaghai.

Nilikwenda na muuguzi na kitinda mimba.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mama. Nasikia kijana wetu amestaafu."

"Ndiyo, Mjomba."

"Wadogo zake walikuja uwanjani?"

Muuguzi alinitazama. Nilikaa mkekani karibu na miguu yake, nikamwambia yote: hana wadogo, wazazi wake wako hai, mtangazaji alitunga ili watu wasitoke. Nikasema, "Uliniachia watoto kwa habari ya uongo, Mjomba. Nisamehe."

Alisugua fimbo kwa kidole gumba. Kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

"Unafikiri niliwaacha kwa maneno ya mtu wa sinema?"

"Ulisikia, ukasema marahaba."

"Nilikwenda bombani kwanza, wewe. Nilimkuta kijana, ndoo yake ya tatu. Ulisema ya nne au ya tano, foleni ilikuwa imesogea. Nikaenda mlango wa bluu. Huyu hapa," akamnyooshea fimbo muuguzi, "ana kisamvu mpaka kwenye nywele. Niliporudi nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilisimama pale kwa sababu ya karanga."

"Na kwenye misiba? Unasimulia kila mara."

"Nasimulia kwamba kuna binti alijua watoto walipo bila kugeuka. Wanauliza binti gani, nasema mpwa wangu. Mchezaji naongeza mwishoni, wapate kucheka kidogo, ni msiba." Akanyoosha mkono. "Haya, nionyeshe huyo mtoto wa watu."

Kitinda mimba alimsogezea simu karibu kabisa na uso. Mjomba alikunja macho, akatazama kwa muda.

"Mbona mpira unakuja na yeye hautazami?"

"Anatazama wenzake waliko, Mjomba."

"Mh," akasema. "Irudishe."